Kijana wangu akianza kazi, SSI itakatwa?

Mama mmoja wa Louisville, Kentucky, ametuandikia. Alitoka Kivu Kusini, akaishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani na familia yake. Sasa ni raia. Ana kijana wa miaka 20 aliyepooza miguu tangu utotoni na anatumia kiti mwendo. Naye alipata uraia kupitia kwa mama yake. Kijana anapokea SSI, malipo ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo, na mama ndiye mpokeaji malipo kwa niaba yake. Ghala moja limempa kazi ya kukagua nguo zinazorudishwa na wateja, ameketi mezani, saa 20 kwa wiki, dola 15 kwa saa. Jioni anasoma katika chuo cha jamii. Watu kanisani wanamwambia mama amkataze: “Akigusa kazi tu wanamfutia kila kitu, na hospitali pia.” Wanamtaja jirani aliyekuwa dereva wa lori, akaumia mgongo, akaanza kulipwa, na aliporudi kazini malipo yakakatika pap. Mama anauliza kama hayo ni kweli, afanye nini ili mwanawe asipoteze vyote viwili, na kama ni lazima waliomwajiri wajue kwamba anapokea SSI.

Shikamoo mama. Mwache aende kazini. Hilo ndilo jibu langu, na nitakueleza sababu zake kwa hesabu, kwa sababu najua Jumapili ijayo kuna mtu atakuambia vingine.

Kwanza tumweke jirani pembeni. Sisi huwa tunaziita zote “hela za Social”, yaani za Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao, kumbe ni mifuko miwili yenye sheria tofauti. Jirani yako alikuwa dereva, alikatwa kodi ya Social Security kwenye mshahara, kisha akaumia. Kwa maelezo hayo yuko kwenye SSDI, ambayo ni bima ya mfanyakazi. Huko mtu hupewa miezi 9 ya kujaribu kazi bila kuguswa malipo, na kwa mwaka huu wa 2026 mwezi unahesabiwa akipata zaidi ya dola 1,210. Miezi hiyo ikiisha, sheria inakuwa kali: akivuka dola 1,690 kwa mwezi, hata kwa dola moja, hundi ya mwezi huo inaweza kutoweka yote. Kwa hiyo yaliyompata jirani ni kweli kwake. Mwanao yuko kwenye SSI, mfuko ulioanza kulipa Januari 1974 kwa ajili ya wazee, wasioona na wenye ulemavu ambao kipato na mali zao ni kidogo. SSI haikatiki kwa mkupuo, inapungua kidogo kidogo kadiri mshahara unavyopanda.

Tupige hesabu. Saa 20 kwa wiki kwa dola 15 ni kama dola 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Social Security inatoa kwanza dola 20, inabaki 1,280. Inatoa tena dola 65, inabaki 1,215. Kisha inagawa kwa mbili: 607.50. Hiyo nusu ndiyo inayopunguzwa kwenye SSI. Kiwango kizima cha mtu mmoja mwaka huu ni dola 994, kwa hiyo atabaki na SSI ya dola 386.50. Jumlisha na mshahara: 1,686.50. Serikali itakata kama dola 99 za Social Security na Medicare (bima ya afya ya uzeeni) kwenye mshahara wake, lakini hata hivyo anakuwa na karibu dola 600 zaidi ya alizonazo sasa akikaa nyumbani. Nimechukulia kwamba anapokea zile 994 kamili, yaani anachangia sehemu yake ya kodi ya nyumba. Kama anakaa bure, kiwango chake kinaweza kuwa pungufu kwa hadi theluthi moja, ila hesabu ya mshahara ni hiyohiyo. Chakula unachompikia kisikutie hofu. Tangu tarehe 30 Septemba 2024 hawakihesabu tena.

Umeandika pia kwamba kiti chake hakiingii kwenye basi la kawaida na atalipa usafiri maalumu. Gharama anayolipa mwenyewe kwa sababu ya ulemavu wake, ili tu afike na kufanya kazi, inatolewa kwenye mshahara kabla ya kugawa kwa mbili. Tuseme ni dola 120 kwa mwezi: 1,215 inakuwa 1,095, nusu yake ni 547.50, na SSI inapanda hadi 446.50. Maana yake nusu ya nauli imerudi. Risiti ziwekwe zote, hata ile ya dola 4.

Sasa naja kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwa kijana wako ndilo lenye pesa nyingi kuliko yote. Ana miaka 20 na anasoma. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 22 ana msamaha wake kwenye SSI: kwa mwaka 2026 mshahara hadi dola 2,410 kwa mwezi hauhesabiwi kabisa, mpaka jumla ya mwaka ifike dola 9,730. Kwa mshahara wa 1,300, miezi 7 ya mwanzo inakula dola 9,100, na mwezi wa 8 bado ana dola 630 za msamaha. Ndani ya miezi hiyo 7 atapokea 994 zake zote pamoja na mshahara wote. Januari hesabu inaanza upya, mpaka atakapofikisha miaka 22.

Sharti ni kwamba awe anahudhuria masomo kweli. Kwa chuo cha jamii ni angalau saa 8 za darasa kwa wiki. Umesema ana vipindi jioni mbili. Jioni mbili za saa tatu tatu ni saa 6, hazitoshi. Keti naye na ratiba, hesabuni. Kama amepungukiwa saa mbili, aongeze somo moja muhula ujao kisha mpeleke barua ya chuo Social Security. Usitegemee karani akuulize. Nimeona mafaili ya vijana waliosoma na kufanya kazi wakikatwa nusu kila mwezi kwa kuwa hakuna aliyesema dirishani kwamba huyu ni mwanafunzi.

Basi kama mambo ni mazuri hivi, hofu ya kanisani inatoka wapi? Inatoka kwenye barua. Mtu anaanza kazi, hasemi. SSI inaendelea kuingia nzima. Mwajiri anapeleka taarifa za mshahara serikalini kwa namba ileile ya Social Security, na siku moja kompyuta zinakutana. Inakuja bahasha: umelipwa zaidi ya haki yako, rudisha. Chukua mfano wa mwanao bila msamaha wa mwanafunzi. Akinyamaza mwaka mmoja, deni ni 607.50 mara 12, yaani dola 7,290. Mtu anayesimulia hadithi hiyo baadaye haanzi na kunyamaza kwake. Anasema, “nilifanya kazi wakanifuta.” Na hapa kuna jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, mama. Kwa kuwa wewe ndiye mpokeaji kwa niaba yake, wajibu wa kutoa taarifa uko mabegani mwako pia.

Taarifa yenyewe si ngumu. Siku anayoanza kazi, wajulishe: jina la mwajiri, tarehe, saa, malipo. Baada ya hapo kila mwezi peleka mshahara wa mwezi uliopita, na sheria inataka isizidi tarehe 10. Ninachowashauri watu ni wiki ya kwanza ya mwezi, kwa programu ya simu ya Social Security ya kuripoti mishahara, ambayo inatoa stakabadhi papo hapo. Ukienda ofisini, usitoke dirishani bila stakabadhi. Ni haki yako kupewa. Mwaka 2025 Social Security ilitangaza kupunguza wafanyakazi kutoka kama 57,000 hadi 50,000, kwa hiyo usishangae kukaa kwenye simu hadi betri iishe. Ndiyo maana karatasi yako ni muhimu kuliko kumbukumbu ya karani. Nunua faili moja la plastiki, slipu ya mshahara iingie upande mmoja, stakabadhi ya taarifa upande wa pili, mwezi kwa mwezi.

Kuna jambo la kalenda linalowachanganya wengi. SSI ya mwezi huu hupangwa kwa kipato cha miezi miwili nyuma. Msamaha wa mwanafunzi ukiisha, au usipokuwepo, mshahara wa Juni utaonekana kwenye hundi ya Agosti. Watu wakiona Juni na Julai SSI imeingia nzima wanadhani serikali imesahau, wanaitumia, kisha Agosti wanapiga kelele. Upande wa pili unauma zaidi: kazi ikiisha, hundi inaendelea kuwa ndogo kwa miezi miwili wakati mshahara hakuna. Akiba ya miezi hiyo miwili iwepo.

Lakini akiba nayo ina mtego wake. Mtu mmoja anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 za akiba na mali zinazohesabika, na wanaangalia mwanzo kabisa wa tarehe 1 ya kila mwezi. Akiwa na dola 2,001 usiku huo, mwezi mzima hana haki ya kulipwa. Nyumba mnayoishi na gari moja havihesabiwi. Sasa mama, nakuuliza likelemba yenu, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, inaingia akaunti gani? Nimeona hili mara nyingi kwenye jamii yetu kiasi kwamba nauliza kabla sijaambiwa. Zamu yako inafika, kina mama wanakutumia dola 3,000, na akaunti uliyo nayo karibu ni ile ya kijana. Unasema nitazitoa Jumatatu, na Jumapili ni tarehe 1. Kwa Social Security pesa iliyo kwenye akaunti yake ni yake, na kuwaeleza baadaye kwamba ni mchezo wa kina mama wa kanisani ni kazi ya miezi. Vivyo hivyo na michango ya msiba. Akaunti ya SSI ipokee SSI na matumizi yake tu.

Pa kuweka akiba halali papo: akaunti ya ABLE, iliyotokana na sheria ya 2014. Ni ya mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya umri fulani. Zamani ilikuwa miaka 26, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ni 46. Dola 100,000 za kwanza zilizomo hazihesabiwi kwenye SSI. Inafunguliwa mtandaoni, na kwa kijana anayeanza mshahara ningeifungua kabla ya malipo ya kwanza kuingia.

Hospitali. Hili ndilo linalowafanya wazazi wengi wakatae kazi, na nawaelewa, kwa sababu kiti mwendo cha umeme, dawa na wauguzi wa nyumbani ni gharama ambayo mshahara wa ghala haugusi. Kwa mshahara wa 1,300 bado anapokea SSI, kwa hiyo Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haiguswi. Siku akipanda cheo na kuvuka dola 2,073 kwa mwezi, SSI itafika sifuri, lakini kuna kifungu kinaitwa 1619(b) kinachomwachia Medicaid yake mradi bado ana ulemavu, anaihitaji ili afanye kazi, na mshahara wa mwaka haujapita kiwango cha jimbo lake. Kila jimbo lina kiwango chake. Jina hilo lenye namba liandike kwenye faili, kwa sababu hata baadhi ya wafanyakazi wa ofisini hawalijui hadi ulitaje. Na akipoteza kazi akiwa katika hali hiyo, malipo yanarudi bila maombi mapya. Hata kama faili lilifungwa kabisa kwa sababu ya mshahara, akishindwa kuendelea na kazi kwa ulemavu uleule ana miaka 5 ya kuomba arudishwe kwa njia ya haraka, na anaweza kulipwa hadi miezi 6 wakati wanalipitia ombi lake.

Mengine yanayotegemea kipato yataguswa, nisikufiche. Msaada wa chakula wa SNAP unaweza kupungua, na kama mnakaa nyumba ya ruzuku kodi inaweza kupanda. Kila ofisi inataka taarifa yake. Kuiambia Social Security hakumaanishi kwamba ofisi ya nyumba imejua.

Kabla hajaanza, fanyeni mambo mawili. La kwanza, tafuteni mshauri wa mafao na kazi wa mpango wa WIPA. Ni bure, analipwa na serikali kwa kazi hiyo, na anapatikana kupitia tovuti ya choosework.ssa.gov. Atakuandikia hesabu ya mwanao peke yake, ukurasa kwa ukurasa. La pili ni Ticket to Work, mpango uliotokana na sheria ya mwishoni mwa 1999 kwa wapokeaji wa miaka 18 hadi 64. Kijana anaikabidhi tiketi yake kwa shirika la ajira lililoidhinishwa au kwa ofisi ya jimbo ya Vocational Rehabilitation, inayowaandaa wenye ulemavu kwa kazi, ile wanayoiita VR. Faida yake kubwa haitangazwi vya kutosha: wakati anaitumia tiketi na kupiga hatua walizokubaliana, hawamwiti kwenye uchunguzi mpya wa kitabibu kuamua kama bado ni mlemavu. Sharti tiketi iwe imekabidhiwa kabla barua ya uchunguzi haijafika. VR yenyewe, kwa kuwa anapokea SSI, inamchukulia moja kwa moja kuwa anastahili huduma, na inaweza kugharimia mafunzo na vifaa vya kazi.

Na barua yoyote ikija, tafadhali mama, isikae juu ya friji. Una siku 60 za kukata rufaa, lakini zenye uzito ni 10 za mwanzo. Ukiomba rufaa ndani ya siku 10 tangu uipokee, malipo yanaendelea kama yalivyokuwa hadi waamue. Wao huhesabu kwamba umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyo juu ya barua. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure na ni wajibu wao. Usimtume mtoto wa darasa la sita atafsiri maneno ambayo hata mimi huyasoma mara mbili.

Kuhusu kazi yenyewe, sheria ya ADA ya 1990, inayokataza kuwabagua wenye ulemavu, inamlinda mbele ya mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Meza ikiwa juu mno kwa mtu aliyeketi kwenye kiti mwendo, anaomba ishushwe. Choo kikiwa mbali, anaomba dakika za ziada. Aombe kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa barua pepe unatosha, na mwajiri anatakiwa kukaa naye watafute njia, isipokuwa aonyeshe kwamba ni mzigo usiobebeka kwake. Akibaguliwa, malalamiko yanapelekwa EEOC, tume ya serikali ya usawa kazini, ndani ya siku 180, na katika majimbo mengi ni 300. Na akija mtu kumpa karakana ya “watu kama yeye” kwa dola 3 kwa saa, mjue kwamba sheria ya 1938 bado ina mlango huo wa kumlipa mwenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, kifungu cha 14(c). Wizara ya Kazi ilipendekeza kuufunga Desemba 2024, ikaliondoa pendekezo Julai 2025. Kwa kijana wa chini ya miaka 25 hawaruhusiwi kumweka huko kabla hajapitishwa kwanza kwenye huduma za VR na ushauri wa kazi. Ana kazi ya dola 15, asishuke.

Niseme na langu. Zile dola 65 wanazoacha kwenye mshahara ni zilezile tangu 1974. Kikomo cha akiba cha dola 2,000 ni kilekile tangu 1989. Bei ya mkate wa 1974 hakuna anayeikumbuka. Miswada ya kupandisha kikomo hadi dola 10,000 imefikishwa Bungeni zaidi ya mara moja, na wabunge wa vyama vyote viwili wametia saini, na bado imelala. Wewe ni raia, una kura na una mbunge mwenye ofisi mjini kwako. Simu ya mama mwenye mtoto aliyekwama kwa sababu ya dola moja ina uzito kuliko makala yangu.

Kwa wengine wanaosoma na bado si raia: mkimbizi anaruhusiwa SSI kwa miaka 7 tu chini ya sheria ya 1996 kama ilivyorekebishwa 1997, na wengi hushtuka mwaka wa 7 ukifika. Anzeni uraia mapema. Mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza Kiingereza au historia ya Marekani anaweza kusamehewa mtihani kwa fomu N-648 inayojazwa na daktari.

Jambo moja la mbali, mama, kwa faili lako. Ulemavu wa mwanao ulianza kabla ya miaka 22. Siku ukistaafu, au ukitutoka, ataweza kulipwa kupitia rekodi yako ya kazi, na huenda ikawa zaidi ya SSI. Lakini haki hiyo inaweza kukwama kama kabla ya hapo alipata mshahara uliovuka kiwango cha SSDI nilichokitaja juu, 1,690 kwa mwaka huu. Akiwa kwenye 1,300 yuko salama. Akitaka kuongeza saa, mpigie mshauri wa WIPA kabla hajasaini.

Swali lako la mwisho: hapana, hana wajibu wa kuwaambia ghalani kwamba anapokea SSI, na kabla ya kumpa kazi hawakuruhusiwa hata kumuuliza habari za ulemavu wake. Anachotakiwa kuwaambia ni kile anachohitaji ili kazi ifanyike, kama hiyo meza.